Koki za Mama Mkwe

Kama uliwahi kuishi Mukono na bomba lako likavuja, basi Mutyaba unamjua, au walau umewahi kumsikia, maana yeye alisikika kabla hajafika. Alikuja na pikipiki iliyofungwa mabomba ubavuni, anaimba, na akishashuka hutaka kila mtu anyamaze. Redio izimwe, mtoto apewe ziwa, jogoo kama anakamatika akamatwe. Kisha hufunga koki zote, akaenda kuchungulia mita kama kile kigurudumu chake chekundu bado kinazunguka, halafu hutoa nondo yake fupi, ncha moja kwenye bomba na nyingine sikioni, akafumba macho. Husogea kidogo, akasikiliza tena. Mwisho hugonga ukuta kwa kidole na kusema, "Hapa. Leteni nyundo." Na wakibomoa, kweli wanakuta maji yanachirizika.

Kwa vyoo alikuwa na dawa nyingine: chai ya rangi iliyopoa. Aliimimina kwenye tangi la nyuma, akakaa kupiga soga, kisha akaenda kutazama bakuli. Likiwa limegeuka kahawia na hakuna aliyevuta maji, basi mpira wa ndani umekwisha. "Choo chako kinakunywa chai kukupita wewe," alimwambia mwenye nyumba, na wote wakacheka.

Watu walimwita Masikio, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ufundi alikuwa nao, hilo hatumnyimi, lakini mdomo ulikuwa mkubwa kuliko ufundi. Akipata uvujaji kwa jirani yako utausikia sokoni, na nani aliuziba vibaya utasikia pia.

Nyumba moja tu hakuwahi kuigusa kwa nondo yake, nayo ni ya mama mkwe wake, Mama Nansikombi, kule Seeta. Hakuna aliyemlaumu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawapishani kwenye mlango mmoja, na wakikutana njiani mmoja huchepukia majanini. Akizungumza naye humpa mgongo, au maneno yanapitia kwa mke. Anayevunja mwiko huo, wazee wanasema, huleta obuko: mikono ya mmoja wao itaanza kutetemeka na haitakoma. Ugonjwa mwingine waweza kuuficha chini ya shuka. Huu unatangazwa na vidole vyako mwenyewe kila unapopokea kikombe, na kila anayeviona anajua kuna mkwe aliyevuka mpaka. Ndiyo maana fundi aliyesikia maji ya Mukono nzima hakuweza kutia mguu katika chumba cha kuogea cha mwanamke aliyemzalia mke.

Sasa, bili ya maji ya yule mama ilianza kupanda. Alikuwa mjane, hana mifugo, na mpangaji wake alikuwa mmoja tu, Atimango, mwanamke wa kutoka kaskazini aliyekaa kwenye chumba cha uani na kukaanga chapati barabarani. Hata hivyo bili ilikuja kama ya hoteli. Wakaitwa mafundi wengine. Wakavunja sakafu ya jikoni, hawakuona kitu; wakavunja ukuta wa bafu, hawakuona kitu. Bili ikazidi. Mafundi wenzake Mutyaba wakapata la kusema.

"Masikio! Tumesikia mkweo anaogelea."

"Huyo anasikia maji ya watu. Ya kwake yamemziba masikio."

Mutyaba alicheka nao, lakini moyoni alikuwa akiungua, na si kwa sababu ya utani. Alikuwa na deni la aibu kwa yule mama, deni ambalo hata mkewe Nabukalu hakulijua.

Ilikuwa siku ya kumzika baba mkwe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na udongo mwekundu wa kaburini ulikuwa unateleza kama sabuni. Mutyaba alikuwa miongoni mwa walioshika kamba za kuteremsha jeneza. Alipoachia kamba na kuinuka, mjane akasogea kutupa udongo wake, mguu ukateleza, akawa anakwenda shimoni kichwa mbele. Mutyaba hakufikiri. Alimdaka kwa mikono miwili, akamvuta kifuani pake, akamsimamisha. Miavuli ilikuwa imewafunika na watu walikuwa wakilia. Akaamini hakuna aliyeona. Mama Nansikombi alilishika tu gomesi lake, lile vazi refu la mshipi, akarudi nyuma. Tangu siku hiyo Mutyaba hakuwahi kula chakula cha ukweni kikashuka vizuri. Kila alipomwona mama mkwe kwa mbali aliitazama mikono yake, na kila mara ilikuwa imefunikwa na shali.

Kwa hiyo aliposema atautafuta uvujaji ule mwenyewe, watu walidhani ni majigambo. Yalikuwamo majigambo. Lakini zaidi alikuwa anajaribu kulipa asichoweza kukitaja.

"Utaingiaje, baba watoto?" Nabukalu aliuliza.

"Siingii. Nitasikilizia nje. Wewe utafungua na kufunga koki ndani."

"Usikilizie nje ya chumba cha mama yangu?"

"Ukuta ni ukuta."

Ukuta si ukuta, aligundua Jumamosi ile. Mama mkwe alikuwa amehamishiwa kwenye mkeka nje ya mlango wa jikoni, mgongo kwa watu, shali begani. Shangazi Zalwango, dada wa marehemu, alikuja kusimamia heshima, maana yeye ndiye mwenye kusimamia kila jambo katika ukoo ule, hata yale yasiyomhusu. Mutyaba akachuchumaa nyuma ya nyumba, nondo kwenye bomba, sikio kwenye nondo, shavu limebanwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha mkwewe, upande wa barabara. Waliopita wakasimama.

"Jamani, yule si mkwe wa hapa?"

"Anafanya nini pale?"

"Anasikiliza mama mkwe anaota nini!"

Jasho lilimtoka. Alitamani kufunga kazi, lakini angeenda wapi na lile jina lake? Akajikaza. Nabukalu akafunga koki zote ndani. Mutyaba akaenda kwenye mita. Kigurudumu kilikuwa kimya. Akangoja, akawasha sigara, akaizima, akatazama tena. Kimya. Akamwagiza Nabukalu atie chai kwenye tangi la choo. Bakuli likabaki jeupe. Akasikiliza bomba lote kutoka mitani hadi jikoni, na lote lilikuwa limelala.

Fundi mwenye busara angemnong'oneza mkewe na mambo yakaishia hapo. Lakini pale barabarani kulikuwa na watu, na watu kwa Mutyaba walikuwa kama pombe. Alisimama katikati ya uwanja akafuta mikono.

"Sikilizeni! Nyumba hii haivuji hata tone. Mafundi waliovunja kuta hizi warudi wazijenge. Maji haya hayapotei kwa bomba. Yanapotea kwa mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?" Shangazi Zalwango aliuliza.

"Mimi ni fundi wa maji, shangazi, si polisi. Lakini koki haijifungui."

Hakuhitaji kusema zaidi. Zalwango alikwishageuka kukitazama chumba cha uani.

"Atimango! Hebu toka! Toka na madumu yako!"

Atimango alitoka na unga mikononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayeongea lugha yetu kwa uangalifu. "Kuna nini, mama?"

"Unatuuzia chapati kwa maji yetu, sivyo? Na usiku unawauzia majirani. Mmetoka huko kwenu kuja kumnyonya mjane!"

"Mama, mimi nachota dumu langu asubuhi na kufunga. Muulizeni mwenye nyumba."

"Nakuuliza wewe!" Zalwango akalisukuma dumu lake kwa mguu, likaanguka, maji yakatapakaa hadi kwenye viatu vya Mutyaba. Mtu mmoja barabarani akapiga kelele za mwizi, wengine wakaitikia. Mnajua wenyewe neno hilo likishatamkwa kinachofuata. Mutyaba naye alianza kuona kwamba maneno yake yamekimbia mbele yake na hawezi kuyarudisha.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya Mama Nansikombi kutoka kwenye mkeka. Aliinuka polepole, akageuka kuwatazama watu wote, mkwe akiwamo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akaliacha shali lianguke.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Si kidogo. Ilikuwa ikipapatika pale mbele ya gomesi lake kama kuku aliyefungwa miguu.

"Mwizi wenu huyu hapa," alisema. "Nafungua koki kwa meno na kitambaa. Kufunga siwezi. Nikilala nasikia maji yanavyokwenda, sina la kufanya. Nilinyamaza kwa sababu nilijua mtasema nini. Haya, semeni."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mkwewe, mchana kweupe, mbele ya wapita njia. Nabukalu aliziba mdomo kwa viganja. Atimango aliliokota dumu lake akarudi chumbani, na hakuna mtu, Mutyaba akiwa wa kwanza, aliyekumbuka kumwomba radhi. Wiki haikwisha akahama.

Shangazi Zalwango yeye hakuitazama mikono kwa muda mrefu. Aligeuza macho.

"Mutyaba."

"Naam, shangazi."

"Unajua ninachotaka kukuuliza."

"Sijui, shangazi."

"Umewahi kumgusa mama yetu?"

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu: aliteleza, nikamdaka. Lakini barabara yote ilikuwa imenyosha shingo, mkewe alikuwa akimtazama, na Masikio wa Mukono akaona jina lake jipya litakavyokuwa kuanzia jioni ile.

"Mimi? Mungu apishe mbali! Sijawahi hata kukanyaga kivuli chake."

Mama Nansikombi alimtazama mara moja. Kisha akageuza uso, akaokota shali lake kwa shida, akaingia ndani.

"Basi," alisema Zalwango, "kama si huyu, ni yule wa Masaka."

Yule wa Masaka alikuwa Kayiwa, mume wa mdogo wake Nabukalu, yaani mwanyumba wake Mutyaba, mtu mtaratibu anayeuza vitambaa, ambaye akifika ukweni hukaa kwenye kigoda cha mwisho na kuongea akiulizwa tu. Mabinti wa Mama Nansikombi walikuwa wawili, wakwe wawili. Mmoja akishajitoa, hesabu haihitaji shule.

Mutyaba alirudi nyumbani na kulala na viatu. Nabukalu alimpeleka mama yake hospitali, daktari akamshika mikono, akamtembeza, akasema ni ugonjwa wa mishipa unaowapata wazee, akampa vidonge. Zalwango alipoambiwa alisema daktari ni kijana na hana mama mkwe. Huko Masaka, mke wa Kayiwa aliacha kulala chumba kimoja na mumewe. Alimpigia dada yake simu akilia: "Anaapa hajamgusa, dada. Sasa nimwamini yeye au mikono ya mama?" Nabukalu alikuwa amebonyeza sauti iwe kubwa, na Mutyaba alikuwa amekaa pale pale, kijiko mkononi.

"Unamwonaje Kayiwa?" Nabukalu alimuuliza baadaye.

"Ni mtu mzuri," Mutyaba alisema, na akanyanyuka kwenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Kazi nayo ikamkimbia. Alisikiliza kwa padri mmoja akaonyesha ukuta, wakabomoa, pakavu. Akaonyesha mwingine, pakavu. Padri alimwambia kwa upole aende akapumzike. Mafundi wenzake walipolisikia hilo hawakulitania, wakamwonea huruma tu, na kwa mtu kama Mutyaba huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi. Aliona aibu asubuhi alipoamka, aliona aibu wanawe walipomsalimia. Alijiona mdogo.

Akafanya alichoweza bila kufungua mdomo. Alitafuta koki zile za mkono mrefu, zile za hospitalini ambazo daktari huzifunga kwa kiwiko, akazileta Seeta. Za uani alifunga mwenyewe. Za ndani asingeweza kuingia kuzifunga, basi alimpa Nabukalu spana, akasimama nje ya dirisha na kumwelekeza.

"Zungusha kushoto."

"Inagoma."

"Kushoto kwako, mama watoto, si kushoto kwangu!"

"Nimeolewa na fundi nikawa fundi," Nabukalu alilalamika kutoka ndani, "na mshahara sioni."

Ndipo waliposikia watu uwanjani. Mutyaba hakuwa ameambiwa. Zalwango alikuwa amemwita Kayiwa kutoka Masaka, na wazee wawili wa ukoo, ili suala liishe siku hiyo. Kayiwa alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti, kama siku alipokuja kujitambulisha ukweni kabla ya ndoa, na ameketishwa mkekani peke yake. Mkewe alikuwa amesimama mbali, uso umevimba.

"Kayiwa, hatukuchukii," mzee mmoja alisema. "Sema tu ilivyokuwa. Tutafanya ya kufanya, mama apone."

"Wazee wangu, nitasema nini ambacho hakikuwa?"

"Mwenzako Mutyaba ameapa mbele ya watu," Zalwango alisema. "Wewe unatuambia mikono hii imejitetemekea?"

"Kama Mutyaba ameapa, mimi namwamini," Kayiwa alijibu. "Lakini na mimi sikumgusa." Akainamisha kichwa, na kanzu yake ikaanza kulowa matone mbele.

Mutyaba, nyuma ya nyumba, aliyasikia yote. Masikio yalikuwa yamerudi, kumbe. *Namwamini.* Neno hilo lilimchoma kuliko laana. Alitoka na mikono mitupu, akatembea hadi katikati ya mkeka, akapiga magoti, yeye mwanamume, mbele ya wanawake.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" Zalwango aliuliza.

"Siku ya mazishi. Aliteleza kaburini, nikamdaka. Niliapa uongo. Kayiwa hana kosa."

Wazee waliguna. Mtu akacheka kwa mshtuko. Nabukalu alikuwa ametokea mlangoni na spana mkononi, na Mutyaba hakuthubutu kuinua macho amtazame.

"Ulimshika wapi?" Zalwango alidai.

"Shangazi, nakuomba."

"Wapi?"

"Chini ya makwapa. Na kifuani pangu. Nilimkumbatia." Alisema huku anataka ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka.

Kisha dirisha la chumba cha mbele likafunguliwa. Mama Nansikombi hakuonekana, pazia lilikuwa limeshushwa, lakini sauti ilisikika vizuri.

"Zalwango, siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

Zalwango aliuvuta mkoba wake begani.

"Ulikuwa karibu yangu kuliko yeye. Wote mlikuwa karibu. Nilikuwa naingia shimoni kwa mume wangu na hakuna mkono ulionyoshwa ila mmoja. Na nikwambie jingine. Mikono hii ilianza marehemu akiwa hai. Yeye ndiye aliyekuwa akinifungia mshipi wa gomesi, miezi mingi, na akanifichia. Siku ile niliteleza kwa sababu sikuweza kushika mwavuli. Kama kuna obuko, basi ulinianza kabla ya siku ile ya kaburi."

"Sasa mbona hukusema, mama?" Nabukalu alilia. "Mbona ulimwacha Kayiwa wa watu?"

"Ningesema yameanza zamani, mngeniapisha kwamba hakuna mkwe aliyenigusa, nami ningeapa vipi? Nilikuwa nimemficha tangu mazishi. Siku ya maji alipoapa, nikajua kwamba nikifungua mdomo nimemfanya mwongo mbele ya barabara nzima. Nikasema nimwachie. Atasema mwenyewe. Mkwe, nilikuwa nakulinda wewe. Nikangoja nione wewe utamlinda nani. Umechelewa, lakini umefika. Kayiwa, mwanangu, nisamehe na mimi."

Dirisha likafungwa.

Wazee waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakikung'uta kanzu zao kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Zalwango alitafuta mkoba wake uliokuwa begani kwake. Mke wa Kayiwa alimfuata mumewe mkekani, akapiga magoti, akamshika ukosi wa koti. Mutyaba alibaki pale pale. Alikuwa ametubu kosa la kumdaka mwanamke asianguke kaburini, jambo pekee la maana alilofanya bila kufikiri wala kujigamba. Na ya aibu kweli, Atimango na dumu lake, Kayiwa na ndoa yake, hayo alikuwa ameyafanya huku anafikiri sana. Hakuna aliyekuwa amemtukana, na alijua hakuna atakayemtukana.

Kayiwa alisimama, akajifuta uso kwa kiganja. Alipopita karibu na Mutyaba, aliyekuwa bado amepiga magoti, alisimama, na kwa sauti yake ile ile ndogo akamsalimia kama tunavyosalimia mtu tuliyemkuta kazini.

"Pole na kazi, mwanyumba."

Mutyaba aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka.